Kazi Nje ya Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Wanaowasaidia Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu Malindi na Lamu

Mwongozo huu ni wa yule anayeombwa msaada: msimamizi wa tasnifu, ofisa wa mradi anayejiwa na wanafunzi wenye barua za utafiti, au mtu aliyetangulia kuajiriwa na sasa kila wiki anatumiwa sivii (wasifu wa kuombea kazi) kwenye WhatsApp, "kaka, hebu nitazamie hii." Mwanafunzi mwenyewe akiusoma, hakuna ubaya.

Hali ya kazi za kufundisha haihitaji maelezo marefu. Migomo ya wahadhiri ya 2024 na 2025 kila mtu aliiona, na wengi wenye shahada za juu wanafundisha kwa muda, wanalipwa kwa somo, na malipo yenyewe huchelewa. Lakini tusianze kwa kulia. Pwani hii ya kaskazini ina jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitilii maanani: watu wanaowapa data ndio hao hao wenye kazi. Mwanafunzi huja Watamu, Gede, Mida, Mokowe au Kiunga, akahoji watu, akapima mikoko, akapiga picha kuta za zamani, akaondoka. Miaka miwili baadaye amemaliza, yuko mbele ya kompyuta anasaka ajira kwenye tovuti, na ofisi alizozipitia hazimkumbuki hata jina. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga kuzuia hilo.

Hatua ya kwanza: Mkalishe kitako kabla pendekezo la utafiti halijapita

Wakati mzuri wa kuzungumzia kazi ni pale mada bado inaweza kubadilika. Akishafika sura ya nne ya tasnifu, hawezi tena kuchagua eneo, mbinu wala ofisi ya kumpokea. Kilichobaki ni kumaliza tu.

Usimuulize anataka kuwa nani. Atakujibu "mhadhiri", kwa sababu wahadhiri ndio watu wenye shahada hiyo aliowaona kwa karibu. Muulize mambo madogo. Katika utafiti uliopita, kazi gani ilikushika mpaka ukasahau chakula? Kuhoji watu? Kusafisha takwimu? Kuchora ramani? Kupanga safari na kuwalipa wasaidizi? Na ipi uliiahirisha kila siku? Wamarekani wana zana ya mtandaoni iitwayo myIDP, iliyoanza 2012, inayomsaidia mwanasayansi kupima ujuzi wake, mapendeleo yake na mambo anayoyathamini, kisha ikamwonyesha kazi zinazolingana nayo. Inafaa kufungulia mazungumzo, ila kazi inazozijua ni za kwao.

Kisha mwandikieni mambo matatu: kiasi cha chini cha pesa anachohitaji kwa mwezi, mahali anapoweza kuishi, na ni nani mwingine mwenye sauti katika uamuzi wake. Hili la tatu lina uzito kuliko wasimamizi wanavyodhani. Kwa mama aliyeuza dhahabu yake kulipa karo, "mwanangu anafundisha chuo kikuu" ni neno la kutajwa harusini, lakini "mwanangu ni ofisa wa ufuatiliaji na tathmini" halimwambii kitu. Kama familia inakuheshimu, nenda ukae nao. Eleza kazi ni ipi, ofisi iko wapi, mshahara unatoka kwa nani. Binti anayetakiwa kwenda Kiunga wiki mbili atapata ruhusa kwa wepesi zaidi wazee wakijua atalala kwa nani na anaandamana na nani.

Hatua ya pili: Mchoree ramani ya kazi zilizopo, kwa majina ya ofisi

Wanafunzi wengi wanajua sehemu tatu tu: chuo, serikali na "mashirika". Mchoree kwa undani zaidi. Haya ninayoyataja ni ya kuanzia, na wewe utaongeza yako.

Baharini kuna Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, yenye makao Mombasa. Kuna Shirika la Wanyamapori, KWS, linalosimamia hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizoanzishwa 1968, na ile ya Kiunga iliyoko Lamu. Kuna idara za uvuvi za kaunti, na vikundi vya usimamizi wa fukwe ambavyo kila mtu anaviita BMU. Watamu peke yake ina Local Ocean Conservation wanaoshughulikia kasa, na A Rocha Kenya wanaofanya kazi ya uhifadhi hadi msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukivuka kwenda Lamu, kaunti hiyo ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na mikoko sasa ni suala la biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na miti. Mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu miaka ya 2010, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inataka miradi ya namna hiyo iwe na mkataba wa maendeleo na jamii. Mkataba wa jamii unahitaji mtu anayejua kuhesabu miti na pia anayejua kukaa na wazee wakamwelewa. Watu wenye vyote viwili ni wachache.

Kwenye urithi, wengi hufikiria makumbusho tu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na magofu ya Gede yakafuata 2024. Kuingia kwenye orodha hiyo huleta kazi za karatasi zisizokwisha: mipango ya usimamizi, ripoti za hali ya majengo, tathmini ya athari kila panapotaka kujengwa kitu karibu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Kazi kama hiyo inamtaka mtu anayesoma hati za Kiarabu na Kiswahili cha zamani, anayejua kuorodhesha, na ambaye maimamu wanamwamini. Mwanafunzi wa fasihi au historia anayedhani nje ya darasa hana soko, mwonyeshe hilo.

Lugha nayo ina njia zake. Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya kazi mwaka 2022, na tayari ni lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuna tafsiri, ukalimani, manukuu ya filamu, kamusi za simu, na makampuni ya teknolojia yanayohitaji watu wa kupima kama mashine zao zinasema Kiswahili cha watu. Na kwa Malindi, anayejua Kiitaliano cha kuandikia mkataba, zaidi ya kile cha ufukweni, hakosi wateja.

Afya: mpango wa utafiti wa tiba wa KEMRI-Wellcome uko Kilifi tangu 1989. Watu huona madaktari na maabara, wakasahau wasimamizi wa data, maofisa wa uhusiano na jamii, watu wa maadili ya utafiti, waandishi, wahasibu wa ruzuku. Mwanafunzi wa sosholojia anaweza kuwa na nafasi nzuri pale kuliko mwanafunzi wa baiolojia.

Halafu kuna bandari. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021, lakini kwa mwongozo huu kesi ndizo zenye mafunzo zaidi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Msomee mwanafunzi wako habari hizo kwa jicho la mtafuta kazi. Mradi mkubwa ulisimama kwa sababu kazi ya kuwashirikisha watu haikufanywa vizuri. Maana yake ni kwamba mtu anayeweza kuitisha baraza Pate au Ndau, akaeleza ripoti ya kurasa mia kadhaa kwa Kiamu au Kibajuni, akaandika kwa uaminifu walichosema watu pamoja na walichokataa, anafanya kazi ambayo leseni inaitegemea. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, huwasajili wataalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira kwa madaraja, na mwenye uzamili wa fani inayohusiana aanze mapema kuuliza masharti.

Na kama anadhani aliyetoka chuoni hawezi kuanzisha kitu, mpeleke Gede akaone Kipepeo. Mtaalamu wa vipepeo Ian Gordon aliuanzisha mradi huo 1993, wakulima wa pembezoni mwa Arabuko-Sokoke wakaanza kufuga mabuu na kuuza pupa za vipepeo nje ya nchi kwa maonyesho. Ujuzi wa maabara ukawa pato la kijiji. (Mwanafunzi wa fizikia naye asijione kasahaulika: setilaiti ya Uhuru ilirushwa mwaka 1970 kutoka majukwaa ya baharini ya Ngomeni, na kituo cha Waitaliano kiko pale mpaka leo.)

Ramani hii iwe kwenye karatasi moja: jina la ofisi, inafanya nini, nani tunamjua pale. Safu ya tatu ikiwa tupu, hapo ndipo msaada wako unapohitajika.

Hatua ya tatu: Geuza kazi ya uwandani iwe utambulisho wake

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza.

Kwanza, taasisi mwenyeji. Mwanafunzi anapoandika pendekezo, mwambie achague ofisi moja anayotaka imjue, kisha aende kuuliza: ni swali gani linalowasumbua ambalo utafiti wangu unaweza kuligusa? Mara nyingi jibu litaongeza maswali matatu tu kwenye dodoso. Kwake ni kazi ndogo, lakini ofisi ile sasa inasubiri matokeo yake. Kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na barua za kaunti ni lazima, hilo anajua, ila aende na barua mkononi hata pale ambapo barua pepe ingetosha. Lamu hasa, mtu asiyeonekana uso hachukuliwi kwa uzito.

Pili, ajue kalenda ya wenyeji. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, wavuvi wengi wako nchi kavu na wana nafasi ya kuzungumza. Kaskazi wako baharini. Kama wahusika ni kina mama wa pweza, asipange mkutano siku za bamvua, maana ndipo mwamba unapokauka na ndipo pato lao lilipo. Mratibu yeyote wa mradi akisikia kijana anapanga hivi, anajua ameshinda uwandani.

Tatu, arudi na matokeo. Hili halifanyiki, na ndilo linaloleta kazi. Akishachanganua data, aandike kurasa mbili za Kiswahili chepesi, bila nadharia, bila mapitio ya maandishi: tuliuliza nini, watu wangapi, tuligundua nini, nini kinaweza kufanyika. Aende nazo kwenye banda la BMU na kwenye ofisi ya kaunti.

Mkutano wenyewe huwa hivi. Banda la makuti, mabenchi mawili, mizani ya samaki imening'inia pembeni, mafuta ya injini yananukia. Kijana amebandika karatasi ya manila ukutani, amechora kwa kalamu nene samaki wa aina tatu na idadi iliyopimwa kaskazi na kusi. Mzee mmoja anamkatiza kabla hajafika sehemu ya pili: "Sasa mwanangu, hao tasi umewapima wapi? Maana mimi sikuwaona huko." Hapo kuna njia mbili. Anayejitetea kwa kutaja mbinu za sampuli amekwisha. Anayesema, "Baba, tulipima hapa na hapa, kwa nyavu za macho haya. Wewe ungetupeleka wapi?" amepata dakika arobaini za maelezo ambayo hayamo kwenye tasnifu yoyote, na ofisa wa uvuvi aliyekaa nyuma ameona mtu wa kumwajiri. Mwekee mazoezi ya swali hilo kabla hajaenda. Muulize wewe, kwa ukali kidogo.

Jambo moja la tahadhari: data za watu si mali yake ya kutembeza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu watafiti pia, na majina, namba za simu na mahali pa kaya havigawiwi mwajiri mtarajiwa hata akiomba kwa upole. Anachoonyesha ni muhtasari, ramani zisizotambulisha mtu, na dodoso lenyewe.

Hatua ya nne: Mfundishe kwenda kuuliza bila kuomba kazi

Wape kila muhula lengo la kuzungumza na watu watano walio kwenye kazi zinazowavutia. Mazungumzo haya ni ya kujifunza, na aliyeombwa ajue tangu mwanzo kwamba hatashikwa mkono aajiri. Ujumbe wa kutuma unaweza kuwa hivi:

"Salaam alaykum, dada. Naitwa fulani, nasoma uzamili wa sayansi ya mazingira. Namba yako nimepewa na mwalimu wangu, naye ndiye aliyeniruhusu nikuandikie. Siombi kazi. Nataka kuelewa mtu wa ofisi yako anafanya nini kutwa, na nini ungependa anayetoka chuoni awe anakijua. Naomba dakika 20, siku itakayokufaa, ofisini au kwa simu. Ahsante sana."

Jina la aliyewaunganisha lazima liwemo, na lazima awe ameruhusu kweli. Wewe mshauri, piga simu kabla: "Nakuletea kijana, ni mtu wa adabu, msikilize." Dakika hiyo moja ya simu ina kazi kubwa kuliko semina nzima ya ajira.

Maswali yawe ya kazi halisi. Wiki iliyopita ulifanya nini Jumatatu hadi Ijumaa? Ripoti gani unaandika, nani anaisoma? Mtu wa mwisho mliyemwajiri alikuwa na nini ambacho wengine hawakuwa nacho? Mradi huu pesa zake zinaisha lini? Hili la mwisho aliulize kwa ustaarabu, lakini aliulize, kwa sababu nusu ya kazi za mashirika hapa huzaliwa na kufa na ruzuku.

Kwa Lamu, si kila kitu ni cha ofisini. Mtu akikukaribisha barazani kwake baada ya alasiri, kaa, kunywa kahawa, salimia kila aliyepo, acha daftari mfukoni mpaka mwenyeji mwenyewe aingie kwenye mada. Siku ya pili tuma ujumbe wa shukrani wenye jambo moja ulilolifanyia kazi kutokana na ushauri wake.

Hatua ya tano: Ivunjeni sivii ya chuo, mjenge ya kazi

Sivii ya chuo huanza na elimu, ikafuata tasnifu, makala, makongamano, kurasa saba. Mwajiri wa nje anataka kurasa mbili, na anataka kuona kitu kilichofanywa. Nyaraka yenyewe kwa kawaida itawasilishwa kwa Kiingereza, lakini kaa naye kwanza umwambie akusimulie kwa Kiswahili alifanya nini, uandike wewe. Akizungumza, hataficha kazi nyuma ya istilahi.

Chukua mfano huu wa kubuni. Mwanafunzi ameandika: "Tasnifu: Mielekeo ya Jamii za Pwani kuhusu Usimamizi Shirikishi wa Rasilimali za Bahari. Mbinu mseto zilitumika." Msomaji wa ofisi hajapata kitu. Baada ya nusu saa ya kumuuliza, linatoka hili: "Niliandaa dodoso la maswali 42, nikaliweka kwenye KoboToolbox, nikafunza wasaidizi wanne, nikasimamia mahojiano ya kaya 180 kwa wiki sita, kwa Kiswahili na Kigiriama, ndani ya bajeti ya shilingi 210,000. Nikawasilisha matokeo kwa BMU mbili na idara ya uvuvi ya kaunti."

Ni utafiti ule ule. Lakini sasa ndani yake kuna programu ambayo mashirika mengi yanaitumia, kuna usimamizi wa watu, kuna lugha, kuna pesa, kuna muda, na kuna uhusiano na kaunti. Mada ya tasnifu ibaki mstari mmoja chini ya elimu. Makala zilizochapishwa zitajwe kwa idadi na mbili tatu bora, isipokuwa kazi yenyewe ni ya utafiti.

Kuwa mkali kwenye uaminifu. Kama wasaidizi walifunzwa na msimamizi, asiandike alifunza yeye. Mji ni mdogo, na anayesoma sivii ile huenda alikuwepo.

Barua ya maombi ijibu tangazo, kifungu kwa kifungu. Mwambie achukue kalamu apigie mstari kila sharti la tangazo, na pembeni aandike tukio moja linalolithibitisha. Sharti lisilo na tukio linamwonyesha cha kwenda kujifunza.

Hatua ya sita: Jazeni mapengo, machache tu

Asikimbilie vyeti kumi. Kwa kazi za pwani, mara nyingi yanayokosekana ni haya: kuandika ripoti ya kurasa tano badala ya mia mbili, kutengeneza bajeti na kuielezea, ramani za QGIS (programu ya kuchora ramani kwa kompyuta), na ufuatiliaji na tathmini kwa kiwango cha kuelewa viashiria. QGIS na KoboToolbox hazina gharama ya kuanzia. Leseni ya pikipiki au kozi ya kuogelea na kupiga mbizi inaweza kuamua kazi ya uwandani kuliko cheti cha tano cha takwimu. Nimeona watu wakicheka hilo mpaka walipofika Kizingitini.

Aandae pia sampuli tatu za kazi yake: zile kurasa mbili za Kiswahili, ramani au jedwali moja safi, na muhtasari wa sera wa ukurasa mmoja. Ziwe kwenye simu, tayari kutumwa.

Hatua ya saba: Nyaraka, kaunti na kandarasi

Kazi za kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Kwa Malindi, bodi ni ya Kilifi. Lamu ina yake. Kuna nyaraka ambazo watu huziita za Sura ya Sita, kwa sababu ya sura ya uadilifu kwenye Katiba ya 2010: KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), EACC (maadili na ufisadi), ofisi ya taarifa za mikopo, na cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi). Nyingine hutaka muda na ada, na mwenye deni la HELB anahitaji kuzungumza nao mapema. Asisubiri tangazo litoke Ijumaa, mwisho Jumatano. Na aelewe kwamba serikali hulipa kwa daraja la kazi. Shahada ya uzamivu yenyewe haimrukishi ngazi.

Njia nyingine, ambayo kwa wengi ndiyo mlango wa kwanza, ni kandarasi fupi za ushauri elekezi. Mfundishe kusoma hadidu za rejea mpaka mwisho: kazi gani, ripoti ngapi, siku ngapi, nani anamiliki data, malipo kwa awamu zipi. Wanafunzi wanaharibikiwa kwenye hesabu ya siku. Wanahesabu siku za kuhoji, wakasahau za kutafsiri dodoso, kulijaribu, kusafiri, kusafisha data, kuandika, na kuandika tena baada ya maoni ya mteja. Kazi ya Faza au Kiunga ina boti, na boti ina mafuta na upepo. Weka siku mbili za kusubiri hali ya hewa kwenye bajeti na uzitaje waziwazi. Malipo ya mtaalamu mkaazi yanayofika shilingi 24,000 kwa mwezi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo asishangae akipokea pungufu, na aombe cheti chake cha makato. Asianze kazi bila mkataba uliotiwa saini, hata aliyempa kazi akiwa mjomba wake.

Hatua ya nane: Usaili

Swali moja litakuja, kwa sauti hii au ile: "Wewe una uzamivu. Hii kazi si ndogo kwako? Si utatuacha ukipata chuo?" Asijibu kwa unyenyekevu wa uongo. Ajibu kwa kazi: nini kwenye nafasi hii anakijua, nini anataka kujenga kwa miaka miwili, kwa nini anaishi au anataka kuishi hapa. Mfanyie usaili wa majaribio na watu watatu, mmoja wao asiwe msomi kabisa. Mpe dakika mbili aeleze utafiti wake kwa Kiswahili. Shangazi yako mwenye duka la vitambaa akielewa, paneli itaelewa.

Mshahara ukiulizwa, aseme kiwango kutoka kile cha chini alichoandika hatua ya kwanza kwenda juu, baada ya kuuliza watu wa hatua ya nne ofisi kama hiyo hulipa vipi.

Kwa upande wako

Barua ya mapendekezo uliyoiandika kwa ajili ya nafasi ya uzamivu haifai kwa mradi wa maji. Andika upya: alifika kwa wakati, alisimamia watu, alirekebisha kosa bila kununa. Na chunga ulimi. Msimamizi anayesema "usipoteze elimu yako kwenye NGO" mbele ya wenzake, hata kwa utani, atawafanya wanafunzi wafiche mipango yao kwake, na watakuja kumwomba msaada wakati hakuna tena cha kusaidia. Waliokwisha kupita njia hiyo waalike waje wazungumze na wanafunzi, nauli uwalipie.

Aliyekwisha kumaliza na yuko nyumbani

Huyu mrudishe hatua ya tatu, kwa nyuma. Afungue tasnifu yake, aandike zile kurasa mbili za Kiswahili wiki hii, kisha awapigie simu mwenyekiti wa BMU, mzee wa kijiji na ofisa wa kaunti waliomsaidia wakati ule. Awaambie: "Nilikuja kwenu mwaka fulani, sikuwaletea majibu. Nayaleta." Wengi watafurahi, mmoja wawili watamsema kidogo, avumilie. Akiwa pale aulize nini kimebadilika tangu alipoondoka, nani anafanya kazi hapo sasa, na mradi gani umeingia. Arudi nyumbani ajaze ile safu ya tatu ya ramani, na ndani ya siku saba aombe mazungumzo ya dakika 20 na mtu mmoja aliyetajwa. Nauli ya matatu kutoka Malindi hadi Gede haimshindi. Ya Mokowe na boti ya kuvukia Amu (mji wa Lamu), kama hana, mchangie.